Amana ya Pijo Nyeupe

Jumanne asubuhi sokoni Mwigobero, Musoma, hapakuwa na pa kuweka mguu. Maboti yalikuwa yameingia kutoka vijiji vya ng'ambo, wapagazi wanapita na magunia ya dagaa kichwani wakipiga kelele, "Pisha! Pisha!" na harufu ya samaki, petroli na maandazi imechanganyika hewani hata mtu hajui ameshiba au ana njaa. Katikati ya ghasia hiyo, kwenye kibanda cha mabati chenye upana wa mlango na nusu, Hasna Amini alikuwa ameinamia redio iliyopasuliwa tumbo, miwani imeteleza mpaka ncha ya pua.

Hasna alikuwa msichana mwoga. Aliogopa mbwa, aliogopa radi, aliogopa wateja wanaopandisha sauti. Zaidi ya vyote aliogopa kuangaliwa. Alisomea umeme chuoni Mwanza miaka mitatu, na kila mwalimu alimsifia kwa kazi ya mikono na kumlaumu kwa kutoinua uso. Labda ndiyo maana alipenda redio. Redio inazungumza nawe siku nzima, lakini haikuangalii.

"Dada, samahani. Lile boksi la takataka pale chini unaliuza?"

Ilikuwa sauti ya mwanamume. Hasna hakuinua kichwa. "Si takataka. Ni vifaa."

"Nisamehe. Boksi la vifaa vilivyokufa."

"Havijafa. Vinasubiri."

Mtu yule akacheka, na kicheko chake kilikuwa kizuri kiasi kwamba Hasna akasahau kuogopa, akatazama. Alimwona kijana mrefu mwenye shati la bluu lililopigwa pasi vizuri, ila mikono yake imelowa mafuta ya gari. Kofia ya baraghashia imekaa upande kidogo. Alikuwa anatabasamu kama mtu aliyekosea nyumba akampenda aliyefungua mlango.

Kijana akamsogezea simu yenye picha. Kikopo cha rangi ya fedha, ukubwa wa kidole gumba, kina waya mmoja mweusi na sikio la kupitishia skrubu. "Unajua hiki ni nini?"

"Kapasita," Hasna alisema taratibu. "Inazuia kelele za injini zisiingie kwenye redio ya gari. Moja inafungwa kwenye dainamo, nyingine kwenye koili, nyingine kwenye regulata, nyingine kwenye mota ya waipa. Kwenye magari ya zamani."

Kijana akashika meza kwa mikono miwili. "Subhanallah. Miezi minne nazunguka! Mafundi wote wa Bunda wananiambia kitu hicho hakina kazi, gari linatembea tu bila hicho."

"Ni kweli linatembea. Ila injini ikiwaka redio haisikiki. Inakuwaga tiki-tiki-tiki, na ukikanyaga mafuta inalia kama nyuki aliyefungiwa kwenye chupa."

"Dada, unaitwa nani?"

Kabla Hasna hajafungua mdomo, jibu lilitoka kibanda cha pili, kwa Sabiha muuza maandazi, ambaye masikio yake yalikuwa yanafika mpaka majini. "Anaitwa Hasna! Hajaolewa, na wanaume anawaogopa. Nunua maandazi kwanza, kaka, ndiyo uendelee."

Kijana alinunua kumi. Alijitambulisha kuwa ni Luqmani wa Nyasura, Bunda, na kwamba ana Pijo 404 ya mwaka sitini na tisa anayoirudisha kama ilivyotoka kiwandani. Alitaka kapasita nne, zile zile zenye namba zake. Zinazofanana hakutaka.

"Lakini hata mpya ya kawaida itafanya kazi hiyo," Hasna alimwambia.

Tabasamu la Luqmani likapungua kama taa ya betri iliyochoka. "Najua. Ila kuna sababu."

Hakuisema. Aliacha namba yake, na Hasna akaiandika kwenye simu: Luqmani Pijo.

*

Walianza kwa kuulizana habari za vifaa. Baada ya wiki moja vifaa vilikuwa kisingizio tu.

"Mtaalamu wangu, umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Ugali na sato."

"Wenzako tumekula ugali na mawazo."

"Luqmani, acha bwana."

"Niache nini, ugali au mawazo?"

Hasna alikuwa anacheka na kitambaa mdomoni ili Sabiha asisikie, na Sabiha alikuwa anasikia. Usiku alikuwa analala akijiuliza furaha ya namna hii inaletwa na nani, na mwenyewe atarudi lini kuichukua. Kwa mtu mwoga hata raha ina kivuli.

Wiki ya nne mteja mmoja kutoka Butiama, jina lake Keraryo, alileta redio yake ya betri na kusema kwa bahati tu kwamba nyumbani kwake kuna Pijo la zamani wanamotagia kuku. Hasna alimpigia Luqmani hapo hapo. Jumamosi iliyofuata wakakutana Butiama, yeye akiwa na Sabiha kama mlinzi wa heshima yake, kwa sababu Hasna hakuwa mtu wa kusafiri na mwanamume peke yake.

Alivaa dera la kijani kibichi na ushungi wa rangi ya maziwa. Luqmani alikuwa ndani ya ovaroli, na alipomwona alidondosha spana.

"Umeona?" Sabiha alinong'ona. "Spana imesema yote."

Keraryo alikuwa mtu wa kifua kipana, mwenye rozari shingoni na mabuti ya shambani. Aliwapeleka nyuma ya zizi, penye mawe makubwa na migomba, pale mzoga wa Pijo ulipokuwa umekalia matumbo. "Boneti fungueni, chochote mnachokitaka chukueni," alisema. "Ila kiti cha dereva msikiguse. Pale kuna mama anaatamia."

Walifungua. Hasna alijipenyeza mpaka mabegani, simu yake ikiwa tochi, akiita kila kitu kwa jina lake. Keraryo alitazama akatikisa kichwa. "Kijana, mke wako anajua magari kuliko wewe."

"Bado hajawa," Luqmani alijibu.

"Bado?" akasema Keraryo. "Neno zuri hilo."

Hasna alibaki ndani ya boneti kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji, masikio yakimwaka moto.

Waliupata waya wa kusuka unaounganisha boneti na bodi, ule unaozuia boneti lenyewe lisigeuke antena ya kelele. Ulikuwa mzima. Kapasita zilikuwa zimeliwa na kutu, na nyaya zake zimeliwa na panya. Sabiha alikwenda na Keraryo kutafuta mihogo. Luqmani akakaa juu ya jiwe, Hasna akakaa jiwe la pili, kuku yuko kati yao anapekua.

"Nikuambie ile sababu?"

"Niambie."

"Baba alikuwa anauza vitambaa kati ya Bunda na Musoma kwa Pijo ile. Redio ilikuwa mke wake wa pili. Mwanzoni mwa elfu mbili na kumi na moja, fundi mmoja wa redio huko kwenu Musoma akamtolea zile kapasita, zote. Akamwambia, 'Ukitaka kusikiliza, simama pembeni, zima injini.' Basi baba akawa anafanya hivyo." Alikuwa anavunja kijiti vipande vidogo vidogo. "Mwezi wa tatu, kwenye kona kabla ya Kiabakari, alisimama pembeni. Akazima injini, akafungua redio. Lori la mawe likakosa breki likamfuata pale pale."

Hasna aliweka mkono mdomoni.

"Miaka minane nimekuwa nikiinyoosha ile gari. Nyuma ilikuwa imekunjwa kama karatasi. Nataka nipite pale redio ikisikika na injini ikinguruma. Nisisimame. Unanielewa?"

"Nakuelewa."

"Yule fundi simjui. Baba hakuwahi kutaja jina. Lakini siku nikimjua, Hasna…" Kijiti kikaisha mkononi mwake, na sentensi nayo ikaishia hapo.

Kitu fulani kifuani mwa Hasna kilimsihi asiulize. Akauliza. "Baba yako alikuwa anaitwa nani?"

"Pazi. Pazi wa vitambaa, Bunda nzima ilimjua."

Jua la Butiama lilikuwa kali, lakini Hasna aliingiza mikono ndani ya dera kama mtu aliyeshikwa na homa. Jina hilo alilijua. Alikuwa amejifunza kusoma kwa jina hilo.

*

Baba yake, Mzee Amini, alitengeneza redio Musoma kwa miaka thelathini na tano kabla mtoto wa jicho hajamfunga macho. Alikuwa na desturi moja: kifaa chochote alichokitoa kwenye chombo cha mteja alikifunga kwenye karatasi, akakifunga na uzi, akaandika jina. "Kitu cha mtu hakitupwi," alikuwa anasema. "Ni amana." Hasna alipokuwa mdogo alikaa sakafuni kwenye nyumba yao ya Nyakato, hapo hapo Musoma, akisoma karatasi zile kwa sauti, herufi moja moja, na mojawapo ilikuwa kwenye kopo la maziwa ya unga juu ya kabati.

Alipanda juu ya kigoda akalishusha. Mwandiko wa baba yake ulikuwa vile vile: *Pazi, Bunda, Pijo nyeupe. Amana.* Ndani mlikuwa na vikopo vinne vya rangi ya fedha, kila kimoja kimefungiwa kikaratasi chake kwa uzi.

Mfuniko ulilia kidogo, na sauti ikatoka barazani. "Hilo ni kopo la Pazi."

Mzee Amini hakuona, lakini masikio yake yalikuwa hayajazeeka hata siku moja. "Kwani amekuja?"

"Hajaja, baba."

"Kila mwaka nauliza. Kimoja kilikuwa kimeungua ndani, kinanyonya umeme wote wa dainamo, betri haijazwi. Vingine vilikuwa vya umri ule ule, nikaviogopa, nikatoa vyote. Nikamwambia asubiri nimtafutie kingine halisi. Nikakipata Kisumu, nikabadilishana na kile kibovu. Nikapiga simu yake, haipatikani. Nilijua kakasirika." Mzee akapangusa uso. "Nikifa na amana ya mtu mkononi, Hasna, nitajibu nini?"

Hasna alisimama katikati ya chumba, kopo kifuani. Akimwambia Luqmani, atakuwa amemwambia kwamba mkono anaoutafuta ndio uliomlea yeye. Na barazani alikaa mzee wa miaka sabini na moja ambaye hakujua kwamba mtu anayemsubiri aliuawa akitii neno lake. Alitazama huku, akatazama kule. Akalirudisha kopo juu ya kabati, na tangu siku hiyo akawa hapokei simu.

*

"Hiyo simu inalia mpaka inataka kutapika," Sabiha alisema siku ya tano. "Mwanaume wa watu kakukosea nini?"

"Hajanikosea."

"Basi pokea, au nipokee mimi nimwambie umekufa."

Hasna alipokea.

"Hasna. Nimekufanya nini?"

"Hujanifanya kitu."

"Kuna mtu mwingine?"

"Hapana. Yaani yupo, lakini siyo hivyo. Luqmani, kazi zimekuwa nyingi."

"Sawa," Luqmani alisema, na sauti yake haikuwa na mzaha hata chembe. "Nilitaka kukuambia tu kwamba gari limewaka. Kapasita nimechoka kuzitafuta. Ijumaa ya wiki ijayo, baada ya swala, naanza safari. Nikifika pale kwenye kona nitasimama pembeni, nizime injini, nifungue redio kama yeye. Labda moyo utatulia."

"Usisimame pale!" Hasna alipiga kelele, na wapagazi watatu wakageuka. "Luqmani, malori bado yanapita pale!"

"Unamhofia nini mtu ambaye hata simu yake hupokei?"

Akakata.

Hasna alihesabu siku kama mgonjwa anayehesabu dozi. Aliota lori. Mchana alisikia breki za malori ya soko akashtuka mpaka akajiunguza kidole. Siku ya Alhamisi, moja kabla ya ile Ijumaa, alipanda tena juu ya kigoda.

"Umelichukua la Pazi," sauti ya barazani ilisema.

"Ndiyo, baba."

"Mwenyewe amepatikana?"

"Amepatikana mwanawe."

Mzee Amini hakuuliza kwa nini mwana na si baba. Alinyoosha mkono, akapunguza sauti ya redio yake mpaka ikanyamaza kabisa, akakaa hivyo hivyo.

*

Pijo ilikuwa imesimama uani Nyasura, nyeupe kama kanzu ya Idi, nikeli zake zinawaka. Luqmani alikuwa anaifuta kioo. Alipomwona Hasna uso wake ulifunguka wenyewe kabla hajakumbuka kuufunga.

"Umekuja."

"Nimekuja."

Maneno aliyoyapanga tangu Musoma yote yalimkimbia. Akanyoosha kopo tu. Luqmani akalifungua, akaona vile vikopo vinne, akashika kichwa. "Zenyewe! Namba zenyewe! Hasna, umezitoa wapi?"

"Kwetu."

"Kwenu wapi?"

"Nyumbani kwetu. Zilikuwa juu ya kabati miaka yote kumi na minne." Alivuta ushungi wake mbele. "Fundi unayemtafuta anaitwa Amini. Ni baba yangu."

Luqmani aligeuza kopo akasoma karatasi. Akaisoma tena. Barabarani lori lilipita kwa kishindo, na wote wawili wakashtuka pamoja, kama watu wanaoumwa jino moja.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu Butiama. Uliponitajia jina."

"Wiki mbili nakulilia kwenye simu, na wewe unalijua hili."

"Niliogopa."

"Ulimwogopa nani? Mimi?"

"Niliogopa kukukosa," Hasna alisema, na hilo lilikuwa neno la kijasiri kuliko yote aliyowahi kuyasema, ingawa lilitoka kwa sauti ya kunguru aliyenyeshewa.

Luqmani alimpa mgongo. "Nenda nyumbani, Hasna."

"Kesho usisimame pale."

"Nenda, tafadhali."

Alimwacha na kopo mkononi akaondoka, na njia nzima kurudi Musoma hakuthubutu kuitazama ile kona.

*

Ijumaa ile hakuna redio iliyopona mkononi mwake. Aliunganisha waya mwekundu mahali pa mweusi. Alidondosha skrubu nne zikaingia kwenye unga wa Sabiha. Adhana ya adhuhuri ililia, watu wakaswali, wakatoka. Saa nane ikafika. Kutoka Bunda mpaka Musoma kwa gari zima ni saa moja na kidogo. Alipiga simu, inaita, haipokelewi. Akapiga tena. Saa tisa.

"Shoga, kunywa maji," Sabiha alimwambia, na safari hii hakutania. Alikuwa amefunga biashara na kukaa naye, mkono wake juu ya goti la mwenzake.

Mtu alipita akisema kuna ajali kubwa barabarani. Hasna alisimama. "Wapi? Gari gani?"

"Pikipiki na ng'ombe, hapo karibu na stendi. Ng'ombe mzima."

Alikaa chini akaanza kulia bila sauti. Saa kumi kasoro simu ikaita. Haikuwa namba ya Luqmani. Ilikuwa ya baba yake.

"Rudi nyumbani," Mzee Amini alisema. "Kuna gari limesimama hapa nje."

"Gari gani, baba?"

"Nitalionaje, mwanangu? Ila injini yake naijua."

*

Pijo nyeupe ilikuwa mlangoni, vumbi mpaka madirishani. Barazani Luqmani alikuwa amekaa mkekani amevua viatu, na Mzee Amini amemshika mkono kwa mikono yake miwili. Kopo lilikuwa wazi kati yao, tupu.

"Njoo ukae," mzee alisema aliposikia hatua za bintiye. Macho yake meupe yalikuwa na machozi. "Nimemwambia kijana kwa kinywa changu. Mimi ndiye niliyemwambia Pazi asimame. Sikumwambia asimame kwenye kona. Lakini kusimama ni mimi niliyemwambia. Neno ni langu, wala silikatai."

"Mzee, subiri," Luqmani alisema. "Na mimi nina langu. Hata mama hajawahi kulisikia."

Alitazama mkeka.

"Nilikuwa shule ya bweni, nina miaka kumi na minne. Nilituma kadi ya salamu redioni. Nikaambiwa itasomwa. Nikamwomba mwalimu simu, nikampigia baba: 'Kesho saa nne asubuhi fungua redio, kuna jina lako.' Baba alikuwa anapendaga kusikia jina lake." Akashika ukingo wa mkeka. "Alisimama pale kusikiliza salamu zangu. Miaka yote nimemtafuta fundi, mzee wangu, kwa sababu fundi asipopatikana nabaki mimi."

Kwa jirani mtoto alikuwa anaimba akichota maji.

"Jana alipoondoka huyu, nilifungua zile karatasi," Luqmani aliendelea. "Kila kimoja kimeandikwa kinapofungwa. Na kile kingine kimeandikwa 'Kisumu, tarehe kumi na tisa Machi.' Baba alifariki tarehe kumi na sita. Nikakaa nalo usiku. Mtu asiyejali haendi Kisumu kutafuta kikopo cha ukubwa wa kidole gumba. Asubuhi nikavifunga vyote."

"Na dainamo inajaza?" mzee aliuliza, maana fundi ni fundi hata akilia.

"Inajaza, mzee."

"Alhamdulillahi. Nisamehe, mwanangu."

"Nisamehe na wewe. Nimekuchukia miaka mingi bila kukujua."

Hasna alimfuata Luqmani nje, mpaka kwenye gari. Hasira ilimjia kwa kuchelewa, juu ya hofu yote ile. "Kwa nini hukupokea simu? Nilijua umekufa!"

"Mara kumi na saba. Nimezihesabu. Nisingeweza kupokea, mikono ilikuwa imegandana na usukani." Aliinamisha kichwa. "Hasna, sikusimama kwenye kona. Lakini sikuipita pia. Nilipoikaribia miguu ilikataa. Nikageuza gari, nikazunguka mbali huko kwa njia ya Butiama, kisha nikaulizia nyumba ya fundi Amini. Ndiyo maana nimechelewa."

"Kumbe na wewe ni mwoga."

"Mwoga mkubwa. Jana nilikufukuza kwa sababu ungekaa dakika moja zaidi ungeniona nalia."

"Mimi nimelia mbele ya soko zima."

Kwa mara ya kwanza kwa siku nyingi akacheka, kile kicheko chake cha Mwigobero. "Nimeileta gari mpaka hapa, mtaalamu wangu. Kurudi siwezi peke yangu."

*

Jumapili asubuhi waliondoka Nyakato watatu. Mzee Amini alikaa kiti cha nyuma na kanzu yake safi, fimbo kati ya magoti, kwa sababu alisema kazi yake lazima aisikie mwenyewe. Hasna alikaa mbele, dera lake la kijani limekunjwa vizuri magotini, mkono umeshika mlango. Saa nne kamili Luqmani aliwasha redio.

Injini ilikuwa inanguruma. Lakini hapakuwa na tiki-tiki wala nyuki kwenye chupa. Sauti ya mtangazaji ilikuwa safi kama mtu aliyekaa nao garini, inasoma salamu: fulani wa Tarime anamsalimu shemeji yake, fulani wa Bunda anawasalimu wote wanaomfahamu.

"Koili iko sawa," mzee alisema nyuma. "Regulata iko sawa." Kisha akaegemeza kichwa, akafumba macho ambayo hata hivyo hayakuwa yanaona.

Walipoipita Kiabakari Luqmani alishusha gia. Hasna aliona vifundo vya vidole vyake vinakuwa vyeupe kwenye usukani. Mbele, barabara ilianza kujipinda, na katika mpindo ule lori lilitokea, kubwa, limejaa mawe, linakuja. Hasna alitaka kufumba macho. Akayaacha wazi. Akatoa mkono mlangoni akauweka juu ya mkono wa Luqmani, pale kwenye gia.

Lori liliwapita kwa upepo uliotikisa vioo. Pembeni mwa barabara palikuwa na majani tu, na mbuzi wawili, na jiwe moja lililopakwa chokaa. Palikuja, pakawa ubavuni mwao, pakabaki nyuma. Mtangazaji hakukatika hata neno moja.

Luqmani alivuta pumzi kama mtu aliyeibuka majini. Alitupia jicho kioo cha nyuma. Mzee alikuwa amelala, au alikuwa anajifanya.

"Hasna."

"Abee."

"Kuna jambo nataka kukuuliza. La maisha. Nisimame pembeni, nizime injini, unisikie vizuri?"

Hasna bado alikuwa anaogopa, pengine kuliko siku zote. Alimtazama usoni, sawasawa, bila kuinamisha macho.

"Usisimame," alisema. "Endesha tu. Nakusikia."